Nafasi Kando ya Baba

Mtu mwenye shamba kubwa kule Kitale akianza kuja kwetu Myanga kila Jumamosi, mimi silali vizuri. Ndugu yangu mkubwa alikuwa ameanza hivyo. Anafika, anakunywa chai, halafu anazunguka nyuma ya nyumba kwenye kaburi la baba, anasimama akiangalia mikonge yetu ya mpaka. Siku moja nikamwona anapima kwa hatua.

Kipande chetu si cha kuchezewa. Babu aligawia wanawe, baba akatugawia sisi, na sasa nyumba zimekaribiana hadi jirani akipiga chafya, mimi ndiye ninayesema pole. Ndugu yangu sehemu yake aliniuzia zamani, akaenda kununua huko juu Kitale. Sasa anapima nini?

"Hapa bado kuna nafasi?" akaniuliza.

"Hakuna."

Mke wangu akasema ati nina roho mbaya. Nikamwambia angoje mikonge ihamishwe kwanza, ndipo tuongee mambo ya roho.

Nikaamua kwenda kwake Kitale nijionee. Nilipita Matisi, mtaa wa pembeni mwa mji, watu wamebanana kwenye vyumba vya kupanga kutushinda hata sisi, wengi wao vibarua wa kulima mashamba ya wengine. Mbele kidogo tu, watu wakaisha. Ni mahindi na waya, mahindi na waya. Wazungu walipoondoka, mashamba yao yalichukuliwa na watu wachache, na ndugu yangu baadaye akapata pembe yake humo. Nilitembea mpaka nikashuku amenielekeza vibaya makusudi.

Nilipofika tulikula ugali na kuku, sisi wawili tu. Mkewe alikuwa Nairobi kwa binti yao. Sikuzungusha maneno.

"Bana, na shamba hili lote, unatafuta nini kwangu?"

Akanawa mikono polepole, nami nikamwangalia vizuri nione uongo utaanzia wapi.

"Jirani yangu wa ng'ambo ile alizikwa miezi michache iliyopita," akasema. "Sikujua. Nilijua nilipoona lori likirudisha viti na hema. Huku nikilala, nani atapita hata aseme huyu alikuwa fulani? Si pale kwenu watu wanapita tu kila saa? Ndiyo nikauliza kama kando ya baba kuna nafasi."

Nikamwambia nafasi iko.

Jumamosi alipokuja tulienda nyuma ya nyumba pamoja, nikamwonyesha. Lakini hatua nilipima mimi mwenyewe.