Mlango wa Mshonaji Ulikuwa na Mwenyewe Mwingine

Saa nne asubuhi, fundi amesimama juu ya stuli katika chumba cha kushonea. Amechomoa hereni yake sikioni na kwa kipini chake anabonyeza kitundu kidogo nyuma ya kamera iliyobandikwa ukutani. Taa ya buluu inapepesa, inapepesa, kisha inageuka nyekundu.

"Imekataa tena?" anauliza mwenye nyumba, mshonaji wa nguo za kike, pini tatu amezibana midomoni.

"Imekataa. Ina kiburi kama mtoto wa mwisho."

Wanawake waliokaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa wanacheka. Mmoja anasema labda kamera inataka kubembelezwa. Fundi anacheka nao, anabonyeza tena, anasoma maandishi yaliyojitokeza kwenye simu, kisha anayarudia. Anashuka, anaokota kipande cha kitambaa mezani, anapanda tena na kuifunika kamera gubigubi.

Wanawake wanaitazama kamera. Cherehani tu ndiyo inayoendelea kuzunguka kidogo, kisha nayo inasimama.

Mtaani fundi huyu anaitwa Kiberiti, kwa udogo wa umbo na kwa kuwaka haraka. Kazi yake ni kuviunganisha na simu za wenyewe vile vifaa vya kisasa vya nyumbani: balbu, soketi, vitasa, kamera. Vikishika, mtu anazima taa ya sebuleni akiwa kitandani. Visiposhika, anapigiwa Kiberiti.

Kati ya simu kumi anazopigiwa, saba hazihitaji hata bisibisi. Mtoto amebadilisha paswedi ya waifai bila kumwambia mtu. Balbu imezimwa ukutani, na baba mwenye nyumba anaihangaikia tangu jana.

"Kuna nyumba nilikuta ruta, kile kisanduku cha waifai, iko chumbani kwa mama mkwe," anasimulia, "mkwe yuko jikoni na balbu yake haishiki. Mlango wa chumba umefungwa kwa sababu hawasemezani. Pale nilipatanisha watu kwanza, balbu baadaye."

Tatu zilizobaki ndizo zinazomnyima raha. Kifaa kizima, mtandao mzima, simu nzima, na bado kinakataa.

"Hicho hakijaharibika," anasema. "Hicho kina mwenyewe."

Anaeleza hivi. Kifaa kinapofungwa mara ya kwanza, husajiliwa kwa barua pepe ya mtu. Huyo ndiye mwenyewe. Anaweza kuwakaribisha wengine kwa namba zao za simu tu, nao wakakitumia, lakini hao ni wageni. Hata ukibonyeza kile kitundu mpaka kidole kiote sugu, mwenyewe haondoki. Ni yeye peke yake anayeweza kukiachia.

Mshonaji hakuyajua hayo. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, akanunua nyingine, akataka kamera na kitasa cha mlango wa mbele virudi kama zamani. Miaka miwili yote alijiona mwenye nyumba, kumbe alikuwa mgeni kwake.

Na chumba chenyewe ndicho hicho ambamo wanawake wanavua nguo ili wapimwe. Kamera aliiweka achunge vitambaa vya watu, na kila mteja alimwambia: usijali shoga yangu, hiyo naiona mimi tu.

"Kwa hiyo mwenyewe ni nani?" alimnong'oneza Kiberiti pembeni ya pazia.

"Sijui bado."

"Wiki iliyopita iligeuza shingo. Peke yake. Nikasema ni mambo ya umeme." Alimshika Kiberiti mkono. "Fundi, hili likitoka nje ya mlango huu, hakuna mwanamke atakayekuja kuvua hata kiatu hapa."

Ombi hilo halikuwa dogo. Kiberiti ni mtu wa watu, habari hailali kwake. Akinywa chai nyumba hii, ya kwao yanajulikana nyumba ya pili kabla kikombe hakijaoshwa. Siku hiyo aliufunga mdomo. Alikuwa ameshaona kitu ambacho hakumwambia mshonaji.

Simu ilikuwa imemwonyesha barua pepe ya mwenyewe kwa kuificha: herufi mbili za mwanzo, nyota nyingi, namba mbili za mwisho. Herufi na namba hizo Kiberiti alikuwa amezichapa kwa vidole vyake mara zisizo na idadi, enzi za kujifunza kazi. Zilikuwa za mwalimu wake.

"Sikusubiri," anasema. "Nilichomoa waya wa kamera, nikamwambia mshonaji asiguse kitu, narudi sasa hivi."

Lile neno la asiguse kitu analijutia mpaka leo. Kamera inakula umeme wa ukutani. Kitasa kinatumia betri, kwa hiyo kilibaki hai mlangoni.

Mwalimu wake, ambaye watu wanamwita Mzee Soketi, aliacha kufunga vifaa vya kisasa macho yalipoanza kumsumbua. Sasa anatengeneza feni kwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Kiberiti alifika akihema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kiberiti. Nani kakuchokoza leo?"

"Nyumba ya mshonaji. Uliisajili kwa jina lako?"

Mzee aliweka chini panga la feni alilokuwa akilifuta. "Yule hakuwa na imeili. Nilikufundisha mwenyewe: mteja hana imeili, weka yako, usimchoshe. Kosa liko wapi? Sijawahi hata kuchungulia."

"Simu yako ya wakati ule iko wapi?"

"Niliiuza."

"Uliifuta?"

"Ningeifutaje na kioo kimepasuka? Ukigusa hapa kinajibu kule. Kijana aliyeinunua akasema ataifuta mwenyewe akishabadilisha kioo."

"Kijana gani?"

"Kijana tu, Kiberiti! Wa pale barabarani penye meza za simu. Leo yuko, kesho hayuko."

"Na laini?"

Mzee Soketi aliliokota tena panga la feni. "Niliiacha humo humo. Haikuwa na salio."

Walijaribu kuingia kwenye akaunti kwa simu ya Kiberiti. Mzee alikuwa amesahau paswedi. Wakaomba mpya, wakajibiwa kwamba namba za siri zimetumwa kwenye ile laini ya zamani. Maana yake, mahali fulani, simu iliyomo mkononi mwa mtu wasiyemjua ililia na kumwambia kwamba kuna watu wanaitafuta akaunti hiyo.

"Tumpigie," Mzee alisema.

"Tumpigie tumwambie nini?"

"Tumwombe. Labda ni mtu mzuri."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ikapokelewa. Mzee Soketi akasema halo, halo ndugu yangu, samahani kwa usumbufu. Upande wa pili kulikuwa na mtu anapumua, na nyuma yake redio ikitangaza sabuni. Kisha akakata.

"Tulibaki tunatazamana," Kiberiti anakumbuka. "Feni moja ilikuwa inajaribiwa pale kibandani, inazunguka, na mimi jasho linanitoka kama niko jikoni."

Hawajamaliza kujiuliza, simu ya Kiberiti ikaita. Alikuwa mshonaji, na sauti yake ilikuwa imeshuka mno.

"Fundi. Kitasa kimelia. Kimejifungua chenyewe."

"Kuna mtu mlangoni?"

"Sijui. Siendi kuangalia. Tuko wanne humu, na mmoja ana nusu gauni."

"Toa betri! Chini ya kitasa kuna kifuniko, kivute, toa betri zote! Kisha sukumeni kitu mlangoni!"

Alikimbia. Kiberiti si mkimbiaji, ana viatu vya kuburuta na begi la vyuma, na anakiri kwamba njiani alimpita jirani yake bila salamu, jambo ambalo jirani huyo hajalisamehe. Kila mwanamume aliyemwona ameshika simu barabarani alimwona ndiye.

Alipofika, barazani hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umesukumiwa cherehani na benchi kwa ndani. Aligonga.

"Nani?"

"Mimi, Kiberiti!"

Kukawa na mnong'ono. Kisha sauti ya mwanamke mwingine: "Kama ni wewe, sema mama mkwe wako anakuitaje!"

"Mnanifanyia nini nyie?"

"Sema!"

"Kelele za Jumapili!"

Ndani mtu aliangua kicheko kilichochanganyika na kilio, na benchi likaburutwa. Wanawake wanne walikuwa wamebanana nyuma ya meza ya kukatia, mmoja na pini begani kama nungunungu, mwingine ameshika mkasi mkubwa kwa mikono miwili. Mshonaji alikuwa na betri nne kwenye kiganja, amezifumbata mpaka zimemwachia alama.

Hakuna aliyeingia siku ile. Mpaka leo hakuna anayejua aliyebonyeza alikuwa wapi, wala alitaka nini. Huenda aliingiwa na hofu kwa kupigiwa simu, akagusa ovyo. Huenda alitaka wajue kwamba anaweza. Polisi walipokea maelezo. Kampuni iliyotengeneza kitasa ilijibu kwa mashine kwamba ombi limepokelewa.

Kiberiti aling'oa kitasa na kamera kwa bisibisi, akafunga komeo la chuma la kawaida. Kisha akarudi kwake. Na huko, anasema, ndiko woga ulikomsubiri.

Nyumba yake ni ya watu wengi: mume, watoto, wifi wawili, mama mkwe, na majirani wanaokuja kuazima chumvi wakakaa hadi magharibi. Simu yake ilikuwa ya nyumba nzima. Wifi anapigia, watoto wanachezea, mama mkwe anaitazamia vichekesho. Jioni ile alimkuta mwanawe wa chekechea ameishika, anabonyeza picha ya mlango.

"Mama, ukigusa hapa panakuwa kijani," mtoto alimwambia.

Ulikuwa mlango wa muuguzi anayeishi peke yake upande wa pili wa soko. Kiberiti alimnyang'anya simu, akaufunga mlango, akampigia muuguzi. Muuguzi alikuwa kazini. Nyumba ilikuwa salama.

"Nilikuwa nimemsaka mtu nisiyemjua mtaa mzima," anasema, "na milango ya watu iko kwangu, mwanangu anaichezea sakafuni."

Alifungua programu na kuzitazama nyumba zote alizozisajili kwa jina lake, vile alivyofundishwa, kwa wateja waliosema weka ya kwako tu, dada, mimi mambo ya imeili siyawezi. Zilimjaa kioo kizima. Taa ya dereva mstaafu imezimwa. Geti la mchungaji limefunguliwa. Mume wake alimuuliza kwa nini hali chakula. Usiku ule simu ililala mfukoni mwa gauni alilolala nalo.

Tangu hapo anazunguka nyumba hadi nyumba. Anabisha, anasalimia, anaeleza, na anangoja matusi. Wapo waliomtukana. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, na hajapokea simu yake tena. Wapo pia wanaomtisha zaidi kwa kutojali.

"Mchungaji aliniambia, baki nalo tu hilo geti, mwanangu, wewe ni mtu wetu," anasema. "Nilimwambia, baba, mimi ni mtu wenu, lakini simu yangu hamjui inashikwa na nani."

Mzee Soketi anafuatana naye katika nyumba zile za akaunti yake iliyopotea. Hizo haziachiliki, vifaa vinang'olewa. Mzee huingia wa kwanza na kueleza mwenyewe, kofia mkononi. Nyumba mbili wenyewe wamehama, na waliohamia hawawafungulii. Kiberiti hupita hapo kila wiki. Bado wanachungulia dirishani na kumfukuza.

Mpango wake ni mmoja: asibaki na mlango wa mtu yeyote. Akishamaliza anataka kuwakusanya mafundi wenzake, wale waliofundishwa kama yeye, awaeleze habari ya betri nne na mkasi. "Nataka simu yangu ikilia, awe ni mama mkwe tu ananigombeza," anasema. "Huo ndio utajiri ninaoutafuta."

Jana alirudi kwa mshonaji na kitasa kipya. Wateja wamepungua, ingawa hawajaisha. Wanaokuja huangalia kuta kwanza, kisha dari, ndipo wanavua. Mshonaji alikaa na simu mapajani, akifungua barua pepe yake ya kwanza maishani. Wanawake kwenye benchi walimsaidia kwa kelele.

"Weka tarehe ya ndoa yako!"

"Hiyo hata mume wangu haikumbuki."

"Basi ndiyo nzuri!"

Ilipofika zamu ya kuchapa paswedi, mshonaji alifunika kioo kwa kiganja na kumtazama fundi.

"Geuka."

Kiberiti aligeukia ukuta. Alisikia vidole vikigonga kioo, vikisita, vikifuta, vikigonga tena. Kisha mlio mfupi mlangoni. Kitasa kimeshika.

"Sasa toka nje," mshonaji alimwambia.

"Nitoke?"

"Toka, ubishe hodi kama watu wengine."

Kiberiti aliokota begi lake, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na kitasa kikazunguka kwa ndani. Alifungua programu kwenye simu yake, akatafuta jina la nyumba ile. Halikuwepo. Akagonga.

"Nani?" sauti iliuliza.