Vidonge Ndani ya Begi la Kukimbia

Kwetu Goma ni nadra nyumba kukosa begi la kukimbia vita, na la mama nilikuwa nimelifunga mwenyewe: vitenge viwili, karatasi za shamba tuliloliacha kule Kiwanja, sabuni. Siku ile nilikuwa natafuta hiyo sabuni tu. Nikakuta vidonge vyake vya presha, tele, vimeviringishwa kwenye kitambaa.

Nilipandwa na hasira. Mama ana kisukari, na sukari yake nimeilinda kama askari. Nimemnyang'anya fanta harusini mbele ya wakwe. Nimegombana na shangazi kwa ajili ya ndizi tamu. Presha sikuiuliza hata siku moja, kwa sababu kila alipokwenda kupimwa muuguzi alimsifu. Juma lile daktari alikuwa ametuambia kwamba figo zimeanza kuchoka, na haelewi kwa nini, maana presha ilikuwa nzuri. Nilimwita daktari huyo mjinga njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nikamwaga vidonge kitandani, nikapayuka.

"Mama, uko nacheza na uhai wako? Muganga alisema umeze kila siku! Sukari na tension ya damu, zote mbili ziko nakula figo!"

"Kichwa hainiumi," akasema. "Nilikuwa nameza siku tatu tu mbele ya kupimwa, juu wasinigombeze mbele ya batu. Zingine niko naweka. Vita ikifika, mafarmasi yote itafunga."

"Vita itakukuta umeshakufa!"

Nilimwambia hivyo mama aliyenizaa, tena kwa sauti ya kusikika kwa majirani. Sijivunii.

Yeye hakupandisha sauti. Alikuwa anaokota vidonge kimoja kimoja.

"Wakati tulitoka Kiwanja," akasema, "papa yako alikuwa na ordonnance, karatasi ya muganga, mu mufuko. Dawa ndiyo haikukuwa."

Baba naye alikuwa na kisukari na presha. Tulimzika kando ya barabara tukikimbilia huku Goma, kabla ya kufika Rumangabo, na jembe tuliliazima. Hasira haikuniisha, ila ilikosa mtu wa kumwangukia. Nikampa kidonge kimoja na maji, nikasimama pale hadi akameza. Vya mwezi mmoja nikaviweka mezani. Vilivyobaki nikavifunga tena kwenye kitambaa, nikavirudisha ndani ya begi kwa mkono wangu.