Hodi ya Babu Msituni

Usiku ule nililala na hasira. Mume wangu, Baba Chebet, alikuwa ameshikilia kwamba alfajiri atapanda msituni kurina asali, ingawa walinzi wa serikali walikuwa wameongezwa. Nikamwambia afanye atakavyo, nikampa mgongo.

Basi nikamwona babu. Sikuwahi kukutana naye akiwa hai, lakini nilimjua kwa lile joho la ngozi ya pimbi ambalo mama hakuchoka kulisimulia. Alitangulia kati ya miti, nami nyuma yake, mtoto tena. Alipokaribia mizinga ya nyuki akapiga mluzi, mrefu, bila haraka. Ndivyo tufanyavyo sisi watu wa msitu: ukifika penye mizinga ya mwenzako unapiga mluzi, ajue umekuja kwa heri. Ni hodi yetu.

Lakini wazungu walikuwa wameshaufanya msitu mali ya serikali. Askari wao waliambiwa kila aonekanaye humo ni mwizi, na mluzi ni wezi wanaitana. Nataka kumshika babu mkono, mkono wangu haufiki. Risasi inalia. Askari anatoka vichakani, kaptula na kofia nyekundu ya zamani, anamgeuza babu kwa buti. Anapoinua uso, tayari amevaa sare ya walinzi wa siku hizi, wale wanaopita dukani kwetu kununua sigara. Uso ni uleule. Hata hana hasira. Anafanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha alishapanda meli akarudi kwao zamani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Babu ananitazama kutoka chini, majani yamemnasa ndevuni.

"Niliwapigia hodi," anasema. "Mwambie mumeo aingie kimya."

Nikaamka nikihema. Baba Chebet alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga viatu. Nilisahau ugomvi wetu. Nikamsimulia yote, nikamsihi asiende, na kama hana budi, basi asipige mluzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka, na hilo likanitia hofu zaidi.

"Mama Chebet," akasema, "mizinga yetu iko kati ya mizinga ya watu. Nikipita pale kimya, si nitakuwa mwizi kweli?"

Akachukua kamba yake na mwenge wa kufukizia nyuki, akatoka. Nikabaki mlangoni, nimeukabili msitu, nikimwomba Mungu nisisikie chochote.