Mshale wa Pumzi

Nilipokuwa mtoto Kirua Vunjo, majirani zetu walikubaliana kwamba kuna mtu anakula pumzi yangu. Walichobishania ni nani. Usiku kifua kilibana na kupiga miluzi, na asubuhi kila aliyekuja kunijulia hali aliangaliwa vizuri mikono yake inagusa nini. Hata mchungaji wetu, aliyekemea imani hizo kanisani, akiingia kwetu mama alificha kikombe changu.

Nililala kwa bibi, mama yake baba, kama watoto wengi wa kwetu walioachishwa ziwa. Nyumbani mwake aliishi pamoja na ng'ombe, na darini alirundika majani makavu aliyoyabeba kichwani kutoka tambarare. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, nasema hivyo hata mbele ya mama. Mama alikulia Njoro, mjini Moshi, na tangu aolewe alimwangalia mkwewe kwa jicho la pembeni.

"Mbona ukilala kwangu hubanwi?" mama aliniuliza siku moja, taratibu.

Ilikuwa miaka ile ya foleni za sukari. Nilibanwa hadi midomo ikabadilika rangi, baba akanishusha hospitali Moshi. Baada ya siku chache nikapata nafuu, na daktari kijana akaleta kifaa cha duara chenye mrija na mshale, cha kupimia pumzi.

"Puliza mara moja, kwa nguvu zako zote."

Nikapuliza, mshale ukapanda, daktari akacheka. Mama hakucheka. Alitaka kujua pumzi yangu ikishaingia mle inakwenda wapi.

Kesho yake bibi akaja na ndizi za kuchoma, amezifunga kwenye kanga ile ile aliyobebea majani. Nikajitupa kifuani pake, nikazika uso kwenye kanga. Haikupita muda nikaanza kukohoa. Daktari akanipa mrija tena. Mshale uliinuka kidogo tu, ukakwama. Bibi aliuona, na mama alikuwa akimtazama bibi.

Daktari akaikung'uta kanga dirishani, vumbi likatimka. "Mtoto ana pumu," akamwambia mama, "na mwili wake haupatani na vumbi la majani haya. Bibi hana kosa lolote. Mtoto asilale tu penye majani. Tafadhali mweleze."

Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Mama akamgeukia, akasema kwa Kichagga, "Anasema mtoto asikukaribie."

Nilisikia yote mawili, lakini sikuwa na pumzi ya kusema neno.

"Ni mimi?" bibi akauliza. Mama akaikunja kanga, akamrudishia.

Tuliporudi nyumbani nililala kwa mama, kifua kikatulia, na kijiji kikapata jibu lake. Wanawake waliacha kuongozana na bibi kwenda kukata majani. Hakujitetea. Alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua wa mimea ya masale, na nikimkimbilia alirudi nyuma, mikono ameificha mgongoni.

"Bibi, ni majani," nilimwambia. "Daktari alisema ni majani."

"Wewe ni mtoto," akajibu. "Mama yako ndiye aliyeambiwa."

Mama sasa ni mzee. Anashikilia kwamba alitafsiri sawasawa, na nikimbana sana anainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Zamani nilidhani alidanganya, na nilimchukia kwa hilo. Siku hizi nadhani aliuamini mshale kwa sababu ulisema alichokwisha kuamua, na vumbi akaliacha litoke dirishani. Bado sijamsamehe vizuri.

Bibi alipougua mara ya mwisho nilikuwa msichana mkubwa. Nilifika mlangoni kwake na uji, akanizuia kwa mkono nisiingie. Akaniambia niuweke pale chini, nikae nje, nipumue. Alikufa akiamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiniua, na kwamba kwa kunikimbia ameniponya.