Jani la Mashoto

Bi Sindano alikuwa na sheria ambayo hakumlegezea mtu yeyote: mwalimu hashoni kitambaa cha mtoto. Mtoto akikosea, anafumua mwenyewe. Uzi ukichomoka, anautunga mwenyewe. Mwalimu anaonyesha kwenye kitambaa chake, basi. Miaka yote aliyofundisha watoto kushona kwa mkono na kudarizi, walirudi nyumbani na mishono yao wenyewe, imepinda vivyo hivyo, lakini hakuna aliyemwita mama yake amrudishie kifungo cha shati.

Mwaka huo alikuwa amechoka. Kila asubuhi alimgeuza na kumwogesha dada yake mkubwa, aliyekuwa hajiwezi kitandani, ndipo akaja shuleni. Kipindi cha sindano kilikuwa alasiri, katika chumba cha mwisho karibu na stoo: watoto wengi, mikasi michache, na kila mmoja akiita "Mwalimu!" kana kwamba yuko peke yake. Akifika nyumbani, vidole vilimuuma hata kushika kijiko.

Miongoni mwao alikuwapo msichana aliyeshona kwa mkono wa kushoto. Wenzake walimwita Mashoto, naye aliitika bila kinyongo. Wengine walisimama nyuma ya bega la mwalimu wakaiga. Yeye akiiga hivyo alijizonga nyuzi kama kuku aliyenasa kwenye wavu. Kwake dawa ilikuwa mwalimu kuketi mbele yake, uso kwa uso, mtoto afuate kama anayejitazama kwenye kioo. Kazi hiyo ilikula muda, na wengine wakati huo walifanya vurugu. Lakini ilizaa. Muhula wa pili Mashoto alikuwa akijaza jani la uzi wa kijani, mishono imelala mshazari, mmoja ubavuni mwa mwingine, ulimi nje.

Ikabaki siku moja kufika siku ya wazazi. Mwalimu mkuu akapita kukagua, akasimama mbele ya jani lile, nusu limejazwa, nusu tupu, ukingo unayumba.

"Bi Sindano, jani hili limelewa?"

Darasa likacheka, Mashoto naye akacheka. Mwalimu mkuu akashusha sauti, akaomba kitu hicho kisiwekwe hivyo kwenye meza ya maonyesho.

Watoto walipotoka kucheza, Bi Sindano alibaki na kitambaa mkononi. Alijua linalotakiwa: kuketi tena mbele ya mtoto mpaka jioni. Hakuwa na nguvu hizo. Akatunga uzi, akamalizia nusu iliyobaki. Mkono wake ulienda haraka, na kwa kitambo kidogo alisikia raha, kwa kuwa hakuna aliyemwita.

Mashoto aliporudi alikigeuzageuza kitambaa.

"Mwalimu, nyuzi huku zimelala hivi, huku zimelala vile."

"Nimekusaidia kidogo, mwanangu. Ni lako tu."

"Kwa hiyo zangu ndizo zilizokosea?"

Hapo ndipo jibu lilipohitajika, nalo lilikuwa fupi. Mishono ya mkono wa kushoto hulala upande wake, haina kosa lolote. Lakini mtoto mwingine alikuwa akimvuta sketi, ameshika uzi uliojifunga mafundo, na Bi Sindano akasema, "Kaa kwanza, tutaongea." Hawakuongea.

Siku ya wazazi mama yake Mashoto alilitazama jani, akaweka kidole kwenye nusu ya mwalimu. "Upande huu ndio umeupatia, mama. Ungeshona lote hivi."

Wiki iliyofuata alikuwa ameihamishia sindano mkono wa kulia. Bi Sindano aliketi mbele yake kama zamani. Mtoto akainuka, akaenda kusimama nyuma ya bega pamoja na wenzake. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba mkono wake wa kwanza ulikuwa sawa, kwamba kosa lilikuwa lake yeye mwalimu. Mashoto akajibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa adabu kamili, na hakubadilisha. Alijichoma, akatia kitambaa madoa ya damu, akafumua, akajichoma tena. Kabla muhula haujaisha aliomba kwenda kwenye mchezo wa mpira alasiri, akaruhusiwa. Nyumbani walisema hana mkono wa kushona.

Alikuwa nao. Alikuwa anajua kudarizi, na baada ya muhula ule hakudarizi tena.