Mwenye Paka Hajasema

Paka wangu alikojolea msala wa bibi siku ileile posa yangu ilipoletwa, na mpaka leo siwezi kusimulia jambo moja bila la pili kudandia.

Tulikuwa tunakaa Temeke, enzi za Mwingereza, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Baba alikuwa kuli bandarini, mama alikuwa akipika vitumbua, na bibi, mama yake mama, ndiye aliyekuwa serikali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimeshatawishwa, maana yake sitoki barazani, siendi dukani, na mwanamume asiye wa nyumbani hanioni. Dunia yangu ilikuwa chumba, ukumbi na ua, na humo ndani mwenzangu mkubwa alikuwa paka.

Usiniulize jina lake, tulimwita Paka tu. Mama yake alikufa yeye akiwa hajafumbua macho, nikamlea kwa maziwa ya mbuzi, nachovya kitambaa, nampa anyonye. Akakua dume hasa, rangi ya majivu, kichwa kikubwa, shingo nene. Na alipokua, nyumba haikuwa na amani tena! Akageuza matako ukutani, mkia ukatetemeka, akapiga mchirizi. Kwenye mlango wa baba akapiga. Kwenye gunia la mchele wa vitumbua akapiga. Anatoka siku tatu kupigana na madume ya mtaa mzima, anarudi sikio limechanika, jipu shavuni, nami namkanda kwa maji ya moto na chumvi huku nalia. Mara mbili nilidhani nitamzika.

Sasa, siku ya posa. Wazee watatu walikaa barazani na baba, wakaondoka, na mama akaja mbio uani, uso unameta kwa jasho na furaha.

"Mwanangu, umeposwa!"

Moyo ukanipiga mpaka nikaona haya, kana kwamba mama anausikia. Nikauliza ni nani. Akaniambia ni mtu wa bara, wa Kondoa, Mwislamu, kijana mwenye kazi ya serikali, ofisi ya mifugo. Watu walimwita mganga wa ng'ombe.

"Anawatibu ng'ombe?" nikauliza.

Mama akainamia jiko, akageuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili. "Anawatibu kidogo," akasema. "Sanasana anawahasi."

Wanawake wawili, wapangaji wetu, waliokuwa wakifua nguo karibu nasi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kitanda chenyewe nilikuwa sijakiona. Sikuwahi kumwona mtu yule, sikuwahi kusikia sauti yake, na kitu cha kwanza ninachoambiwa ni kwamba asubuhi akiamka anakwenda kuwatoa madume udume wao. Niliogopa. Lakini pia, na hili sikumwambia mtu, nilikuwa na shauku iliyonikosesha kula. Baba alitaka kupeleka jibu kabla ya mwezi kuandama. Jibu lilikuwa langu, kwa sheria ya dini. Namna walivyokuwa wakizungumzia mahari, niliona wazi kwamba hakuna aliyekuwa akilingoja.

Hapo ndipo tuliposikia bibi anapiga ukelele chumbani. Amerudi kutoka kutawadha, ametandika msala, amesujudu, na pua yake imekutana na kazi ya Paka.

Bibi alimpenda paka yule. Alikuwa akitueleza kila siku kwamba paka si najisi, anaweza kunywa katika maji yako ya udhu nawe ukatawadha nayo. Lakini mkojo wake ni najisi, na swala ya alasiri ilikuwa imeharibika. Baba akatoa hukumu akiwa amesimama mlangoni: Jumapili, siku yake ya mapumziko, Paka atatiwa ndani ya gunia, atavushwa kwa pantoni hadi Kigamboni, na ataachwa huko.

"Kuna samaki kule," akasema. "Hatakufa njaa."

Msichana wa wakati ule hakubishana na baba yake. Lakini jikoni, mbele ya mama, nilifoka kama chungu. Nikamwambia Kigamboni kuna mbwa, Paka hajui njia, atakufa huku ananitafuta. Kisha nikasema kitu ambacho sijui kilitoka wapi.

"Huyo mtu wenu wa Kondoa, si aje amhasi?"

Upawa wa mama ulisimama hewani. Ng'ombe akihasiwa, nikaendelea, si anatulia? Anaacha kupigana, anavuta jembe, ananenepa. Basi na paka atatulia, atakaa nyumbani, na bibi ataswali. Nilisema haraka haraka ili nisipoteze ujasiri. Na sitadanganya: nusu ya maneno yale ilikuwa kwa ajili ya Paka, na nusu ilikuwa ya msichana aliyetaka kusikia sauti ya mtu kabla hajapewa mtu huyo.

Mama akanitazama, akaanza kucheka. Akampelekea baba shauri hilo. Baba hakupenda, akaenda kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, akarudi na jibu kwamba wako wanaokataza kuhasi wanyama na wako wanaoruhusu penye madhara.

"Basi na yeye hajui," alisema bibi. Yeye alikataa katakata. Ni kubadili alichoumba Mungu, tena ni mkosi kukata dume katika nyumba yenye mwali anayeposwa. Nani alisikia mambo hayo? Bwana harusi atakuja na shoka lake, halafu vitukuu tuwasubiri kutoka wapi?

Nilikata tamaa siku nzima. Alhamisi bibi akatandika msala mpya, mkeka mzuri wa ukili uliotoka Mafia, na kabla hajaukanyaga Paka akapita, akageuka, mkia ukatetemeka.

Bibi akautazama mkeka. Akamtazama Paka. "Mwiteni," akasema. "Mwiteni huyo mume wangu wa Kondoa."

Lakini aje vipi? Mposaji kukanyaga nyumba ya mkwe kabla ya ndoa ilikuwa aibu, na kumwona mwali ndiyo kabisa haiwezekani. Tena palikuwa na tatizo kubwa zaidi: Paka hakushikika na mtu ila mimi. Baba alijaribu Ijumaa asubuhi, kujipima tu, akaenda bandarini na mkono umefungwa kitambaa. Bibi ndiye aliyekata shauri. Alisema Jumamosi kijana hatakuja kuoa, atakuja kazini. Atakuja kama mganga wa ng'ombe. Chumba chetu kitawekwa pazia zito mlangoni, mwali atakaa ndani na kichwa cha paka, mganga atakaa ukumbini na matako ya paka, na yeye bibi atakaa kizingitini kulinda heshima ya pande zote mbili.

Jumamosi ile niliogopa kwenda hata chooni nisije nikakosa. Niliposikia hodi, nikampakata Paka nyuma ya pazia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa, nimeshazeeka."

Akacheka. Cheko fupi, la mtu mwenye haya. Sauti yake ilikuwa nzito, na Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kila neno limevaa viatu. Nikasikia mkoba unafunguliwa. Akaomba maji ya moto na sabuni, akanawa muda mrefu mpaka bibi akamwuliza kama anajiandaa kuswali. Akaomba sufuria achemshe kisu chake kidogo. Bibi akampa, akamwambia sufuria hiyo sasa ni ya kwake, akiondoka aende nayo.

Nilimwingiza Paka kwenye gunia, kichwa mbele. Pembe moja ya gunia mama alikuwa ameikata, pua ikatokeza hapo, nami nikaiweka kiganjani mwangu ili anuse mkono anaoujua. Nikasukuma upande wa pili chini ya pazia. Nikaona, pale chini, ncha za vidole viwili vikubwa vikipokea gunia. Vilikuwa safi, kucha fupi. Nakuapia, mwili mzima ulinisisimka.

Nikafumba macho kungoja kilio. Hakikuja.

"Kata basi," bibi akasema.

"Bado, bibi. Mwenye paka hajasema."

"Sie tumesema. Mie nimesema, baba mwenye nyumba kasema, hata mwalimu wa chuo kasema nusunusu."

"Nimesikia," akasema. "Lakini mimi ng'ombe simhasi kwa kauli ya jirani, hata kwa kauli ya jumbe. Namwuliza mwenye ng'ombe. Paka huyu ni wa nani?"

Bibi akavuta pumzi. "Wa mjukuu wangu. Naye kanyamaza. Mtoto wa kike akinyamaza ndiyo karidhia, huko kwenu hamjui?"

"Hata kwetu husemwa hivyo," alijibu, polepole. "Ila akinyamaza, mimi sijui karidhia au kaogopa."

Wallahi, nilisahau kupumua. Wiki nzima watu walikuwa wamesema juu ya paka wangu, juu ya mahari yangu, juu ya msala, juu ya mkosi, na hakuna hata mmoja aliyegeuza uso upande wangu na kungoja. Yule alikuwa akingoja. Nilimsikia akingoja. Alikuwa ameweka kisu chini, kilitoa mlio mdogo kwenye sahani.

"Mwenye paka," akasema, "unaridhia?"

Sauti yangu ilitoka nene na mbaya. "Ataumia?"

"Ataumia. Nikikuambia haumii nitakuwa mwongo. Leo na kesho, labda na keshokutwa."

"Atakufa?"

"Wengi hawafi. Mmoja mmoja hufa. Paka nimewahasi watatu tu, wote ni wazima, lakini mimi ni fundi wa ng'ombe, lazima ujue hilo."

"Na akifa?"

"Nitakuja kukwambia pole mwenyewe. Sitatuma mtu."

Bibi alikuwa ameacha kuingilia, na kwa bibi yangu hiyo ilikuwa ajabu.

"Na nikikataa?"

"Nafunga mkoba. Nitamwambia baba kwamba mwenyewe hakutaka, basi."

Nikainama, nikaweka shavu langu kwenye gunia. Paka alikuwa akihema kwa kasi, pua imelowa. Nikifunga mkoba wa mtu huyu, kesho ni pantoni. Hata kama si pantoni, basi ni jipu jingine, sikio jingine, mpaka siku asiporudi. Na nikikubali, ninamtoa kitu ambacho hatanisamehe, kwa sababu hataelewa, na hakuna mtu atakayemwuliza yeye. Hilo liliniuma, linaniuma hadi leo. Nililea kiumbe kile kwa kitambaa. Nilitaka aishi.

"Naridhia," nikasema. "Kata."

"Ahsante," akasema. "Mshike sana. Ongea naye."

Nikaongea naye. Sijui nilisema nini. Kilio kilikuja mara mbili, kikali, na kucha zikapenya gunia zikanichana mkono hadi kiwikoni. Upande wa pili nilisikia sauti nzito ikisema, "Pole bwana, pole bwana, tumemaliza." Harufu ya dawa ikajaa chumbani. Kumbe ilikuwa imekwisha! Muda wa kumenya ndizi mbili. Paka akachomoka, akapotelea uvunguni, nami nikakaa sakafuni nacheka na kulia kwa pamoja, damu inanitiririka, na sikuwahi kujiona nimeishi kama saa ile.

Siku mbili Paka hakula. Nililala kifudifudi sakafuni, namwita, ananitazama tu. Na kila alasiri, kazi ikiisha, mganga wa ng'ombe alipita barazani na kaptura yake ya kaki, akauliza habari za mgonjwa, akaenda zake bila hata kukaa. Mtaa mzima ukasema anamposa paka. Siku ya tatu Paka akatoka, akala kichwa cha samaki kibua, akatawadha mwili mzima kwa ulimi, akalala juu ya miguu yangu. Nilipiga kigelegele peke yangu, mama akaja mbio akidhani nimeingiwa na wazimu. Akaishi miaka mingi, mnene, mzito, na bibi hakubadilisha msala tena.

Baba alikuja kuniuliza Ijumaa iliyofuata, baada ya swala. Alisimama mlangoni kwa kanzu yake nyeupe, mama na bibi wamekaa pembeni yangu. Wao ndio waliotakiwa kusema, "Kanyamaza, karidhia," nami nilitakiwa kutazama chini. Baba akataja jina la mtu yule, akataja mahari, akaniuliza kama nimekubali kuolewa naye. Halafu, kama walivyozoea baba wa wakati ule, akageuka aende zake bila kungoja.

"Nimeridhia, baba."

Mama akanifinya paja. Baba alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Akasimama, akarudi mpaka mlangoni, akanitazama usoni, na sidhani kama aliwahi kunitazama hivyo kabla ya siku ile.

"Sema tena, mwanangu," akasema. "Nilikuwa sijasimama."

Nikasema tena.