Namba Nilizojiwekea

Siku moja imeninata kichwani mpaka leo, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaketi kwenye kiti changu, ni lazima uijue kabla sijakukabidhi ufunguo wa kabati. Usiogope, sitakukalisha hapa mpaka jioni. Katika barua ya makabidhiano niliyokuandikia wiki jana habari hii haimo, kwa sababu sikutaka mtu aigonge mhuri na kuilaza katika faili. Hii inabaki kati yako na mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Vita vilikuwa vimepoa, na Bunia ilijaa magari meupe yenye antena ndefu na watu wenye vitambulisho shingoni. Tume yetu ya nchi zinazogawana ziwa ilikuwa imefungua biro hapa mtaani Ngezi: vyumba viwili, jenereta lililokuwa likikohoa kuliko kuwaka, na mimi. Kazi yangu ndiyo itakayokuwa yako, kuunganisha washirika. Tume haikuwa na mashua wala mafuta. Ilikuwa na jina zuri na saini za mawaziri, basi. Vingine vyote vilitoka kwa washirika: hawa wanaleta redio, wale wanafundisha watu, wengine wanaleta chombo. Asipokuwapo wa kuwakutanisha, kila mmoja hufanya lake, hupiga picha, huondoka.

Nikaipenda kazi ile, mwanangu, na nikaipenda vibaya. Kila mshirika nilimpokea peke yake, nikamwambia kwamba yeye ndiye tunayemtegemea kuliko wote. Alitoka mlangoni ameridhika, nami nikampokea mwingine kwa maneno yaleyale. Orodha ya nani anafanya nini na wapi niliiandika katika daftari lenye jalada jekundu, nikalifungia kabatini. Mtu akiuliza namba ya mtu wa shirika jingine, jibu langu lilikuwa moja: "Pitieni kwangu." Dereva wetu akanibandika jina la Mama Bariere, yaani kizuizi cha barabarani, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kwenda popote bila kusimama mbele yangu kwanza. Unajua nilifanyaje? Nilicheka, nikalipenda jina. Nilidhani ni sifa.

Basi tume ikaamua ianzishe mpango wa tahadhari ziwani. Wewe umelelewa mjini, lakini ziwa letu unalijua kwa sifa zake. Mapema linatulia, saa sita linachafuka, na mapirogi ya Tchomia, ile mitumbwi mirefu ya mbao, yanavuka yamebeba samaki wa moshi na watu juu yake. Mshirika mmoja akaipa kamati ya ufukwe wa Tchomia redio za mkononi. Mshirika mwingine akaweka Kasenyi, umbali wa safari fupi ya pikipiki, mashua ya uokoaji yenye motere ya nguvu na mabaharia wanne, nao wakiwa na redio zao. Kila mshirika alizitengeneza redio zake kwa masafa yake. Za Tchomia hazikusikika Kasenyi, wala za Kasenyi hazikusikika Tchomia. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Na badala ya kuwaketisha pamoja wapatane masafa mamoja, nilichora mpango mzuri kwa ajili ya ripoti: Tchomia watamwita mratibu Bunia, mratibu ataita mashua. Katikati ya mchoro niliweka mduara, nikaupaka rangi ya njano. Mduara ule ulikuwa mimi.

Jumamosi moja nilipanda kwenda Fataki, kule vilimani, kwenye arusi ya binti wa shangazi yangu. Tulikula, tukacheza, na nyuma ya vile vilima simu yangu haikushika mtandao hata kidogo. Sikujali. Jumamosi, nani angenitafuta?

Asubuhi hiyohiyo pirogi yenye watu watano ilizimika motere mbele ya Tchomia, na upepo ukainuka. Kutoka ufukweni waliiona kwa macho. Kamati wakanipigia simu, wakapiga tena, wakapiga tena. Mama Georgine, msimamizi wa akina mama wanaokausha samaki, alisimama ndani ya maji mpaka magotini akiita kwenye redio ambayo hapakuwa na mtu upande wa pili. Wakati huo Kasenyi mashua ilikuwa imefungwa, tangi limejaa, na mabaharia wanacheza dama. Walinieleza hivyo wenyewe baadaye, na mmoja wao alilia. Mwishowe mtu alitumwa kwa pikipiki kwenda kuwaita. Mashua ikaja mbio, lakini wavuvi waliokuwa wakirudi walikuwa wamekwisha kuwatoa wanne. Wa tano hakuonekana mpaka kesho yake. Aliitwa Dieudonné, mdogo wake Mama Georgine, tumbo moja.

Jumatatu niliteremka Tchomia kwenye matanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: mtandao, vilima, siku ya mapumziko. Nilimkuta Mama Georgine ameketi kwenye mkeka na wenzake, kanga amejifunga kichwani. Akaniashiria nikae karibu. Hakupaza sauti hata mara moja, na ningefurahi kama angenitukana.

"Mutoto yangu, namba ya batu ba Kasenyi, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, mama."

"Na frekansi ya redio yabo?"

"Nayo pia."

"Ilikuwa wapi?"

"Katika daftari langu. Kabatini."

Akaunyoosha mkeka kwa kiganja.

"Siye tulikuwa na redio. Bale balikuwa na mashua. Kila mutu alikuwa na kitu, na weye njo ulikuwa katikati. Sikatae kama ulienda ku arusi, kila mutu anaendaka ku arusi. Lakini juu ya nini haukutupatia ile namba?"

Maneno yangu yote ya njiani yakayeyuka. Nilisema ukweli kwa sababu sikuwa na kingine: "Nilitaka mpitie kwangu, mama."

"Aya," akasema. "Ulijua weye peke yako. Sasa na mimi niko peke yangu."

Mwanangu, nimekemewa na wakurugenzi, nimekemewa na mawaziri wa nchi mbili kwa siku moja. Hakuna hata mmoja aliyenifikia pale aliponifikia mama yule. Niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua uso, na aibu ile sijaitua mpaka leo. Wala sitaki kuitua, maana ndiyo iliyonifanyisha kazi miaka yote hii.

Niliporudi Bunia, mkuu wetu alitaka ripoti iandikwe kwamba kulikuwa na matatizo ya mawasiliano. Nikakataa. Niliandika kwamba mratibu alijiwekea habari, na nikaweka jina langu kamili. Akanitazama, akauliza kama naitaka kazi bado. Nikamwambia naitaka kuliko jana.

Hapo nikajifunga kibwebwe. Niliita washirika wote mara moja, na si hotelini Bunia. Niliwaita ufukweni Tchomia, mahali pale pale. Wengi wakakubali. Aliyetusumbua ni Monsieur Patrick, mkuu wa lile shirika lililoleta redio za Tchomia. Alisema redio zake ni za walengwa wake, kubadili masafa kunahitaji ruhusa kutoka makao makuu, na makao makuu yanahitaji barua, na barua inahitaji muda. Sikugombana naye. Asubuhi iliyofuata nilikwenda na chupa yangu ya chai nikaketi kwenye ngazi za biro yake. Kesho yake tena. Siku ya tatu mlinzi aliniletea kiti, na Monsieur Patrick akatoka nje.

"Mama, utaendelea mpaka wakati gani?"

"Mpaka tuende wote Tchomia, Monsieur. Chai iko, nimeleta ya kutosha."

Akacheka bila kutaka. Jumanne tulikuwa naye kwenye gari, analalamikia vumbi la kuteremka ziwani kama abiria mwingine yeyote.

Pale ufukweni niliweka sharti moja: haondoki mtu kabla hajamwita kila mwenzake kwa redio, kwa mkono wake mwenyewe, na kujibiwa. Mkurugenzi mmoja alimwita baharia wa Kasenyi. Baharia akamwita Mama Georgine. Mama Georgine akamwita afisa wa mashua ya ng'ambo ya pili, na sauti ya yule bwana iliposikika ikikwaruza kutoka Uganda, akina mama wote waligeuka kulitazama ziwa. Masafa yakawa mamoja. Kisha tukaandika utaratibu kwa Kiswahili, maneno machache tu, nikamtafuta mchoraji wa vibao, akaupaka kwenye ukuta wa depo la samaki kwa rangi nyeusi: nani anaita nani, kwa namba gani, asipopatikana anafuata nani. Jina langu niliomba liwe la mwisho. Nilichagua ukuta kwa makusudi, maana daftari ningeweza kulificha tena. Nilikuwa najijua.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo ilikuwa rahisi. Washirika walipozoea kuongea wenyewe kwa wenyewe, simu yangu ikapoa. Walikutana bila kunialika, wakapatana mambo ambayo mimi niliyasikia baadaye. Mkuu mpya alipofika, aliniuliza kwa upole hasa ni kazi gani ninayofanya kutwa. Iliniuma. Siku mbili tatu nilishikwa na tamaa ya kumwambia mtu, "Pitieni kwangu." Niliuma ulimi, nikateremka Tchomia Alhamisi kujaribu redio pamoja nao, kama tulivyokubaliana tufanye kila Alhamisi. Mshirika akiondoka na mwingine akija, nilimpeleka kwanza mbele ya ukuta ule kabla hajafungua hata kompyuta yake.

Sasa sikia hii. Mwaka jana nilikuwa sokoni hapa Bunia nanunua samaki wa moshi, kapitene, na aliyekuwa akiuza ni Mama Georgine mwenyewe. Amezeeka, lakini mikono bado ni myepesi. Akiwa ananifungia samaki, akaniambia tu, kama mtu anayesimulia habari za mvua:

"Juzi pirogi ya batu ba soko ilizimika motere kule katikati. Balikuwa kumi na mutoto moja. Tulibatosha bote."

Nikashtuka. "Lini? Nani aliita mashua?"

"Nani tena? Siye. Tuliita Kasenyi, Kasenyi bakaita ng'ambo. Bakawasili bote mbili."

"Mbona hamkunipigia hata mimi?"

Akaacha kufunga, akanitazama usoni, kisha akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia kwake tangu matanga yale.

"Kukuita weye? Juu ya nini?"

Kwanza liliniwasha, mwanangu, sitaficha. Mama Bariere hajafa kabisa ndani yangu. Halafu nikaona wale kumi na yule mtoto wakitoka majini wakiwa hai, na hakuna hata mmoja wao anayelijua jina langu. Nikalia pale sokoni nimekumbatia samaki, na Mama Georgine akanishika mkono.

Basi sikia nasaha yangu. Watakaokuja kwako watakusifu, na watapenda uwaambie kwamba wao ni wa kwanza kwako. Usiwaambie. Waketishe na wenzao, wape namba za wenzao, na ujiondoe katikati ya mchoro hata kama inakuuma. Mkutano ambao watu wanaondoka bila kujua kuitana, ufanye upya. Nchi zetu zitaweka saini nyingine nyingi, na ni vizuri ziweke, lakini saini haifiki ziwani peke yake. Inafikishwa na mtu anayekubali kuketi kwenye ngazi za wengine mpaka wachoke kumwona. Kuwa mtu huyo. Na siku ukiugua, au ukienda arusini, na kazi ikaenda bila wewe, usinune. Siku hiyo utakuwa umefaulu.

Ufunguo ni huu, shika. Ukilifungua kabati Jumatatu, utalikuta tupu. Usiniulize lile daftari jekundu, nilikwisha kulichoma. Kila kilichokuwamo kiko ukutani Tchomia, na rangi imeanza kufifia, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta mchoraji.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe miguu isiyochoka na moyo usiotaka kushukuriwa. Simu yako ikae kimya, na watu wa ziwa wafike nyumbani wote.